Kubadilisha mazabodi na prosesa ukiwa Pemba

Mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ya kompyuta ya mezani ikifa ukiwa Chake Chake, usianze kuuliza bei ya bodi mpya. Anza kuuliza bodi mpya itakataa nini katika ulivyonavyo. Mtu wa Kariakoo ananunua prosesa, ile chipu ambayo ni ubongo wa mashine, asubuhi, ikimkataa anairudisha kabla ya adhuhuri. Sisi huku kifaa kinavuka kwa boti hadi Unguja, kinapakiwa boti nyengine hadi Mkoani, kinapanda gari ya abiria ya 603, na kikifika kimekosewa kinarudi njia hiyo hiyo. Na wewe kazi zimelala.

Mimi nina steshenari, na hapo hapo nahariri video za harusi. Mashine yangu ilikuwa na prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne juu ya bodi ya H81, RAM giga 8 za aina ya DDR3. Niliinunua mtumba na imenilisha miaka mingi, sina la kuilaumu. Ilianza vituko msimu wa karafuu, wakati pesa zipo mikononi na harusi zinafuatana. Ukibonyeza swichi feni inazunguka sekunde mbili tatu, inazima, inajiwasha yenyewe, inazima tena. Skrini nyeusi, hata mlio hakuna.

Nilikuwa tayari kumpigia mwenye duka la Dar nimwagize bodi. Fundi wangu, kijana wa Machomanne, akanizuia. "Dada, usinunue kitu bado. Tujue kwanza aliyekufa nani."

Akatoa RAM zote, akarudisha moja moja. Hali ile ile. Akachomoa pawa saplai kwenye bodi, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya kwenye ile plagi kubwa ya pini 24, feni yake ikazunguka. Hilo halikumtosha, maana pawa saplai inaweza kuzungusha feni na bado ikashindwa kubeba mzigo, kwa hiyo akaazima nzima kwengine akaijaribu. Hali ile ile. Ndipo akawasha tochi ya simu akaniita nichungulie. Pembeni mwa prosesa kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kushikilia umeme, vichwa vimevimba, mojawapo imetoa uchafu wa kahawia juu. Chini, usawa wa soketi za USB, kuna ukoga wa kijani kama sarafu iliyosahauliwa kisimani.

Ule ukoga ni hewa yetu. Upepo wa baharini una chumvi, vumbi linaunywa unyevu, na vumbi bichi lenye chumvi linapitisha umeme pasipotakiwa na kuila shaba taratibu. Mashine yangu ilikuwa sakafuni chini ya dirisha, na dirisha liko wazi mchana kutwa kwa sababu ya joto. Ongeza umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo mara kwa mara. Bodi ilijitahidi.

Siku hizo ndipo alipokuja mama mmoja ambaye video ya harusi ya binti yake ilikuwa ndani ya mashine. Kasikia mtaani kwamba kompyuta imeungua. Hata kukaa hakukaa. "Mwanangu, niambie kweli. Harusi ya mtoto imekwenda na maji?" Nikamwambia, "Hapana mama, ipo, kilichokufa ni kitu chengine." Nasema hivi sasa kwa utulivu, lakini wakati ule mwenyewe nilikuwa naomba Mungu tu. Tulichofanya ni kuchomoa diski zote mbili, kuziunganisha kwenye laptopu kwa waya wa SATA wa kuchomeka USB, na kila faili likaonekana. Nikanakili za wateja kwanza, zangu baadaye. Bodi kufa si diski kufa, na watu wengi hawalijui hilo, wanaitupa mashine na picha zao zimo ndani. Ila ukiwa umewasha BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga diski, mambo ni mengine. Funguo yake huhifadhiwa kwenye chipu ya usalama ya bodi, kwa hiyo diski ukiipeleka kwengine itakuuliza namba ndefu ya tarakimu 48. Kaitafute namba hiyo leo kwenye akaunti yako ya Microsoft, mashine ikiwa hai.

Haya, tukaja kwenye njia. Zilikuwepo tatu.

Ya kwanza, kutafuta bodi ya H81 iliyotumika, nirudishe prosesa na RAM zangu zile zile. Ndiyo rahisi kuliko zote. Niliikataa kwa sababu bodi hizo mpya hazipatikani tena, na ya mtumba nayo umri wake ni ule ule na kapasita zake ni zile zile. Tena Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Ningekuwa nalipa nauli ya boti kumrudisha mzee kazini.

Ya pili, kununua mashine nzima ya ofisini, mtumba, i5 ya kizazi cha nane. Niliambiwa 550,000. Nitasema wazi: kama kazi yako ni kuchapa, kutoa kopi na kujaza fomu za watu mtandaoni, chukua hii, usihangaike na mengine yote niliyoyaandika hapa. Kasoro yake ni kwamba mashine nyingi za aina hiyo zina bodi na pawa saplai za umbo lao wenyewe, plagi zake hazifanani na za kawaida. Siku bodi ikifa huwezi kupachika yoyote, unasaka ile ile.

Ya tatu, bodi mpya na prosesa mpya ndani ya kasha langu la zamani. Kwa ajili ya video nikaenda na hii.

Hapa ndipo pa kutuliza akili. Prosesa haikai kwenye bodi yoyote, inakaa kwenye soketi yake. Yangu ya zamani ilikuwa LGA1150. Vizazi vya kumi na kumi na moja vya Intel vinakaa LGA1200, na kuanzia cha kumi na mbili mpaka cha kumi na nne ni LGA1700. Upande wa AMD, kampuni nyengine ya prosesa, soketi ya AM4 imebeba prosesa za Ryzen nyingi kuanzia zile za 2017, kisha mwaka 2022 ikaja AM5. Soketi kufanana nako hakutoshi: prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha nane zote ni LGA1151, lakini ya nane haiwaki kwenye bodi ya ya sita. Na RAM yako ya DDR3 haitoingia kwenye tundu la DDR4 hata uisukume vipi, lile pengo la katikati halikai pahala pamoja. Kwa hiyo anayekwambia "badilisha bodi na prosesa tu" kwenye mashine ya umri wa yangu, hajakuhesabia RAM, na mara nyingi hajakuhesabia pawa saplai.

Nikachagua Ryzen 5 5600G na bodi ya B450 ndogo. Kwenye simu mwenye duka akawa ananivuta pengine. "Dada yangu, chukua 5600 hii isiyo na G, ina nguvu zaidi na ni nafuu." Nikamuuliza, "Kaka, na picha itatoka wapi? Mimi sina kadi ya picha." Akacheka, akasema basi G. Herufi hiyo moja ndiyo yenye kazi ya skrini. Kwenye AM4, Ryzen isiyo na G haina sehemu ya picha ndani yake, na kwa Intel ni kinyume, yenye herufi F ndiyo isiyokuwa nayo. Asiyejua ananunua, anafunga kila kitu sawasawa, anakaa mbele ya skrini nyeusi.

Mzigo ulichelewa. Kusi ilikuwa imechachamaa, boti hazikuondoka, sanduku likalala Unguja. Wateja wa kadi niliwapeleka kwa jirani yangu achape yeye tugawane. Wa video nikawaambia ukweli. Wengine walielewa, mmoja alinisema sana na sikuwa na la kumjibu.

Siku ya kufunga tulitandika boksi la kadibodi mezani, bodi ikalazwa juu yake nje ya kasha. Hili la nje ya kasha ni la lazima kwa feni hii ya AMD. Feni inayokuja na 5600G inashikwa kwa skrubu nne, si vile vibanio vya plastiki vilivyokuja na bodi. Inabidi vibanio vitolewe, na ukishafungua skrubu zake, lile bamba la chuma la nyuma ya bodi linabaki halina linaloshika, linadondoka. Fundi aliweka kiganja chini ya bodi, akalishikilia huku mkono wa pili unafungua. Ungekuwa umeshaifunga ndani ya kasha ungelisikia tu linagonga nyuma.

Prosesa za AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, nyembamba kama nywele. Pembe moja ina pembetatu ya dhahabu, na soketi nayo ina alama hiyo. Unainua kile kiwenzo cha pembeni, unaweka pembetatu juu ya pembetatu, na prosesa inazama yenyewe bila kusukumwa. Ikigoma, iondoe uangalie. Ukiibonyeza pini imelala. Kisha unashusha kiwenzo. Ni kazi ya nusu dakika, na fundi aliifanya kimya, pumzi kaizuia, mpaka nikajikuta na mimi nimeizuia.

RAM zetu zilikuwa mbili za giga 8 na matundu manne. Zinakwenda la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, vyenginevyo unapoteza kasi bure. Ndani ya kasha kuna vile vijiti vya shaba vinavyoinua bodi, na vya bodi ya zamani si lazima viwe chini ya matundu ya bodi mpya. Kimoja kilikuwa kinagusa mgongo wa bodi pasipo na tundu, tukakiondoa, maana kingeleta shoti. Waya ndogo za swichi na taa za mbele nilikuwa nimezipiga picha kwenye bodi ya zamani kabla hazijachomolewa, lakini picha haikusaidia kitu, mpangilio wa bodi mpya ulikuwa tofauti. Kilichosaidia ni kitabu cha bodi. Na kuna ile plagi ya umeme wa prosesa, pini nane, juu pembeni kushoto. Ndiyo inayosahauliwa kuliko zote kwa kuwa iko mbali na nyengine.

Tukawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini nyeusi.

Roho yangu ilianguka, sifichi. Pesa zote zile na bahari yote ile. Tukaanza kutoa kimoja kimoja: RAM moja, diski nje, betri ndogo ya CR2032 nje kisha ndani. Tukabadilisha hata waya wa skrini, kwa sababu skrini yangu ni ya VGA na bodi ina HDMI na DVI tu, tulikuwa tunatumia adapta. Kumbe jibu liko kwenye stika ya boksi, pale ambapo hapakuwa na neno. Bodi za B450 zilitoka 2018. Prosesa yangu ni ya 2021. Bodi iliyokaa stoo muda mrefu ina BIOS ya zamani, programu ile ya ndani ya bodi, na BIOS hiyo prosesa iliyozaliwa baada yake haiijui. Zilizosasishwa kiwandani huwa zimeandikwa kwenye boksi kwamba ziko tayari kwa Ryzen 5000. Yangu haikuandikwa.

Zipo bodi zenye kitufe nyuma cha kuingiza BIOS mpya kwa flashi bila hata prosesa. Yangu haina. Dawa ikawa kuazima prosesa ya zamani inayofahamika na ile BIOS, iwashe mashine, isasishe, kisha itolewe. Pemba hii nzima nikawa nauliza kwenye makundi ya WhatsApp nani ana Ryzen ya AM4, mpaka akapatikana kijana wa Wete anayecheza magemu, ana Ryzen 3 2200G. Akaja nayo mwenyewe, hakukubali imtoke machoni. Wala simlaumu.

Kutoa feni ya AMD kuna adabu yake. Ile pesti ya kijivu iliyo kati ya feni na prosesa inashika, na ukiivuta feni moja kwa moja juu inaweza kung'oa prosesa pamoja nayo huku kiwenzo kimefungwa, pini zikapinda. Unaizungusha kidogo kushoto na kulia mpaka uhisi imeachia, ndipo unainua. Ikishatoka, pesti ya kiwandani haifai tena, unafuta na kupaka mpya. Nilikuwa nimeagiza kichupa kwa wasiwasi tu, kikaniokoa.

2200G ikawasha mara ya kwanza, picha hiyo. Sasa faili la BIOS: linatoka kwenye ukurasa wa bodi hiyo hiyo wa kiwanda kilichoitengeneza, jina na toleo lisomwe kwenye bodi yenyewe, likawekwa kwenye flashi ya FAT32. Hatari yake ni umeme. Ukikatika katikati ya kuandika BIOS, bodi inaweza kufa kabisa, na sisi umeme wetu mnaujua. UPS yangu, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, ilikuwa na betri iliyochoka. Fundi akaleta yake, akaijaribu kwanza: mashine inawaka, akachomoa plagi ukutani, tukatazama kama itashika. Ikashika. Ndipo tukaanza, na ule mstari wa asilimia ulivyokuwa unatambaa hakuna aliyezungumza. Ulipofika mia mashine ikajizima, ikajiwasha, tukarudisha 5600G, pesti mpya, skrubu nne. Picha. Kijana wa Wete akaifunga prosesa yake kwenye kitambaa akala wali kwangu akaondoka.

Lau ningeuliza duka swali moja tu, "BIOS yake toleo gani, inaiwasha 5600G hivi ilivyo?", wangeisasisha wao hapo hapo kabla ya kupakia. Ulizeni nyinyi.

Windows ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa. Ya zamani ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa kale wa kuwasha, bodi mpya inataka mtindo mpya uitwao UEFI, na kwa kuwa nilishanakili kila kitu nikaweka Windows 11 upya kwenye SSD. Leseni haikuja: ile iliyonunuliwa pamoja na mashine inafungwa na bodi yake, ikifa bodi imekufa nayo. Leseni uliyoinunua peke yake unaweza kuihamisha. Programu ya kuhariri video nayo ilikuwa bado inahesabu mashine ya zamani, ikabidi niwaandikie waifungue. Mashine yako ikiwa bado inawaka, itoe programu hiyo mwenyewe kwenye mashine kabla ya kuchomoa chochote.

Pesa sasa. Prosesa 380,000, bodi 250,000, RAM giga 16 120,000, pawa saplai ya wati 550 150,000. Pesti na adapta 25,000, kusafirisha 30,000, fundi 50,000. Jumla milioni moja na elfu tano, bila ya leseni ya Windows. Bei zangu usizichukue kama fatwa. RAM peke yake imepanda vibaya tokea mwisho wa 2025, kwa hiyo ulizia siku ile ile unayolipa. Pawa saplai wengine wangeibakisha ya zamani. Mimi ya zamani ilikuwa nyepesi mkononi kuliko namba iliyoandikwa ubavuni, na haina plagi ya pini nane, ina ya pini nne tu. Siiwekei prosesa mpya juu yake.

Mashine sasa iko juu ya kibao, mbali na dirisha, na kila mwezi naifungua napuliza vumbi kabla halijalowa. Nimenunua betri mpya ya UPS. Usiku siifuniki nailoni tena kama zamani, maana nailoni inafungia unyevu ndani, natumia kanga. Prosesa ya i5 na RAM za DDR3 nilimuuzia fundi kwa 70,000, kazipachika kwenye mashine ya skuli moja iliyokuwa na bodi nzima na prosesa dhaifu.